Shoga, anza na mboga za mlango wa jikoni

Walukuba, Jinja
20 Agosti

Mpenzi Mama Swalehe,

Assalaam alaykum. Sisi huku hatujambo, ila watoto wapo likizo na sufuria haikai na kitu.

Ujumbe wako nimeusikiliza na picha za ua nimeziona. Hongera kwa kuhamia Kyaliwajjala. Umeniuliza upande nini, ukanitajia nyanya, kabichi, karoti, matoke, mpaka stroberi. Stroberi, shoga? Tulia kwanza. Angalia wiki hii unanunua mboga gani sokoni, hizo ndizo upande. Ninavyokujua ni sukumawiki, dodo (yaani mchicha), nakati, ile mboga ya majani ya Kiganda, na vitunguu vya majani. Kwa msimu mmoja zinatosha sana, na zikae karibu na mlango wa jikoni, uweze kuzichuma mafuta yakiwa tayari jikoni. Bustani iliyo nyuma ya choo husahauliwa mpaka imekauka.

Mvua za huko kwenu huanza Septemba na kuendelea mpaka Novemba, kwa hiyo kazi ya sasa ni udongo. Ule ua wako ni kifusi kitupu: kokoto, vipande vya tofali, saruji waliyomwaga mafundi. Usijivunje mgongo kwa jembe pale. Tafuta magunia mawili matatu ya mahindi, yale ya kilo 100. Wauza nafaka hawakosi makuukuu. Udongo uwe mweusi wa juujuu, siyo ule mwekundu unaochimbwa kwenye misingi ya nyumba. Karai mbili za udongo, karai moja ya samadi iliyooza. Ya ng'ombe au mbuzi ni nzuri. Ya kuku ni kali, ikiwa mbichi inaunguza miche. Irundike kivulini wiki kadhaa, uigeuze, mpaka ile harufu ya kuchoma pua iishe na ukitia mkono ndani usisikie joto.

Kulijaza gunia kuna ufundi kidogo. Chukua mkebe mkubwa uliotolewa kitako, usimamishe katikati, ujaze kokoto ndani yake na udongo pembeni. Udongo ukifika usawa wa mkebe, vuta mkebe juu, kokoto zibaki, ujaze tena, hivyo hivyo mpaka karibu na mdomo wa gunia. Ile nguzo ya kokoto ndiyo njia ya maji. Bila hiyo, miche ya juu inaoza mizizi na ya chini inakufa kwa kiu. Mwagilia, acha siku chache udongo ushuke, kisha toboa ubavuni kwa kisu matundu ya vidole viwili, yakipishana, tundu lisikae juu ya lingine. Humo ndimo inamoingia miche ya sukumawiki. Juu panda vitunguu. Ukichuma sukumawiki anza na majani ya chini, kile kichwa cha juu usikiguse, nayo itakulisha miezi mingi. Na tafadhali, chagua mahali penye jua kabla hujalijaza, maana likishajaa hata Baba Swalehe na rafiki zake wote hawalisogezi. (Mwambie pia paspalamu yake aipande mbele ya nyumba. Nyasi haziliwi.)

Nakati itengee tuta dogo au beseni bovu lililotobolewa chini. Mbegu zake ni ndogo mno, ukizimwaga hivi hivi zinarundikana mahali pamoja, kwa hiyo zichanganye na mchanga mkavu ndipo unyunyize, ufunike kwa udongo mwepesi na nyasi kavu. Halafu subiri. Dodo baada ya siku tatu nne imeshachungulia, nakati inaweza kupita wiki bila dalili, na hapo ndipo watu wanaanza kufukua wakisema wameuziwa mbegu mbovu. Ikichomoza, ondoa nyasi. Sokoni wanaing'oa na mizizi kwa sababu wanauza kwa fungu. Wewe kata juu, acha kisiki, itachipua tena. Dodo pengine usinunue mbegu kabisa, mara nyingi samadi ya ng'ombe huja nayo.

Kumwagilia ni asubuhi au jioni. Maji uliyooshea mchele na mboga yanafaa. Yenye jiki mwaga mbali. Maganda ya matoke, ambayo kwako hayakosi hata siku moja, yakatekate, yaanike, ndipo utandaze juu ya udongo. Yanashika unyevu.

Ukikuta mche umekatwa shingoni na umelala chini, huyo ni sota, kiwavi anayekata miche. Fukua kwa kidole hapo hapo kwenye shina, utamkuta amejikunja pete, umrushie kuku. Vidukari wakijaa chini ya majani ya sukumawiki, sabuni kidogo kwenye maji, nyunyiza jioni, asubuhi suuza. Dawa za dukani sizipendi kwa majani nitakayopika kesho. Kuku wa jirani ni neti kuukuu tu, maneno hawasikii.

Nyanya waachie wengine msimu huu. Mvua ikikolea, baka jani linaingia, majani yanapata mabaka ya kahawia na kwa siku chache shina limekwisha. Kama roho haitulii, weka mashina mawili chini ya upenu mvua isikofika majani, uyafunge kwenye miti, umwagilie chini tu.

Matoke muulize kwanza mwenye nyumba. Akikubali, usichukue machipukizi kwa kila anayekupa, kwa sababu ya ule mnyauko wa bakteria ulioonekana Uganda mwaka 2001. Panga lililokata mgomba mgonjwa linaupeleka kwa mzima, kwa hiyo la kuazima lipitishe motoni. Mkungu ukishatoa vichane vyote, lile ua dume linaloning'inia chini yake livunje kwa mti wenye panda, usilikate kwa panga, maana wadudu huingiza ugonjwa kupitia pale.

Mbegu za sukumawiki utapata pale Kampala, kwenye maduka ya Container Village. Pakiti ndogo, iliyofungwa, na usome tarehe. Za nakati usinunue: Hadija anakuja Kampala Jumamosi na taksi ya asubuhi, atakuletea bahasha pamoja na mchaichai wenye mizizi. Mchaichai uloweke usiku huo huo, kesho yake uupande. Na Hadija asirudi mikono mitupu, mpe yale mabakuli yangu ya Idi.

Msalimie Baba Swalehe na watoto.

Shoga yako,
Mama Hadija