Barua kwa mwanangu: waachie watoto jembe

Mwanangu mpenzi,

Bibi yako amenipigia simu akanieleza kwamba shule ya msingi hapo kijijini imekuomba uwasaidie na klabu yao ya 4-K, ile ya wanafunzi kujifunza kilimo, mpaka chuo kifunguliwe. Amesema pia unasitasita, kwa kuwa wenzako wanakwambia ni kazi ya bure. Ni kweli, mama, hakuna atakayekulipa hata nauli. Nami nataka uikubali. Miaka yote ya sekondari umekuwa ukijibu maswali ya karatasi. Hujawahi kukabidhiwa kitu ambacho ukikisahau kinakufa.

Klabu hizi zilianza hapa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwa kaulimbiu ya Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Baadaye zikafifia, hata mwaka 2021 Rais Uhuru Kenyatta akazizindua upya. Mfano wake ulitoka Marekani, kwenye 4-H, jumuiya ya klabu za watoto na vijana, ambayo huhesabiwa kuanza mwaka 1902, pale msimamizi wa shule A. B. Graham alipowakusanya watoto wa mashambani katika kaunti ya Clark, jimbo la Ohio. Enzi hizo wataalamu wa kilimo walikuwa na kazi ngumu ya kuwashawishi watu wazima kujaribu mbegu na mbinu mpya. Watoto walijaribu, wakavuna, na wazazi wakayaona mavuno kwa macho yao. Hilo ndilo linalonivutia zaidi. Mtoto wa darasa la tano akitandaza majani makavu kwenye tuta la mchicha la mamake, na lile tuta likakaa na unyevu kuliko la jirani, hakuna mkutano wa chifu utakaofundisha vizuri kuliko hapo.

Sasa sikiliza neno langu kubwa: usiwafanyie kazi. Nakujua, una haraka na unapenda kitu kinyooke. Utamwona mtoto anachimba shimo kombokombo, mkono utakuwasha kumnyang'anya jembe. Usimnyang'anye. Mwoneshe mara moja, kisha rudi nyuma usimame. Wakipanda mbegu chini mno zisiote, usizifukie nyingine usiku ili wafurahi asubuhi. Waulize wanadhani nini kimetokea, wafukue waone, wapande tena. Bustani nzuri iliyolimwa na msaidizi mwenye miaka kumi na tisa haina faida kwa mtu yeyote pale shuleni.

Anzeni na kunde. Ardhi yetu ya Kilifi ni ya mchanga, inataka samadi nyingi, lakini kunde huvumilia ukame na huacha rutuba udongoni. Isitoshe majani yake huchumwa baada ya wiki chache tu, na watoto wadogo hawana subira ya kungoja muhogo. Kuku wafuate baadaye. Kuku akilalia, mayai huanguliwa kwa siku kama 21. Mpe mtoto mmoja daftari aandike tarehe, na mwingine ahesabu mayai yaliyoharibika. Hapo hesabu haitakuwa adhabu tena.

Dawa za wadudu zisiguswe na mtoto yeyote, hata kama ni kushika chupa tu. Panga na majembe yahesabiwe kabla ya kurudi darasani. Na usibaki peke yako na mtoto stoo au nyuma ya madarasa. Awepo mwalimu mlezi wa klabu, au watoto wengine, kila mara. Siyo kwamba nakushuku. Mtu anayefanya kazi na watoto wa wenzake sharti aonekane.

Tena usianze kununua vitu kwa pesa zako. Wakikosa mbegu, watoto wenyewe waende kwa wazee wao wakaombe konzi ya kunde. Hakuna nyumba hapo kijijini itakayowanyima. Wewe toa wakati wako, siku mbili kwa wiki baada ya masomo, na siku utakayoshindwa kufika, mjulishe mwalimu mapema. Mtoto aliyebeba dumu la maji kutoka kwao halafu hakukuta mtu, kesho halibebi.

Linalonisumbua ni likizo ya Agosti. Shule ikifungwa, nani atamwagilia? Nimeona bustani za shule zikikauka hivyo, na watoto wakirudi wanakuta vijiti. Kabla hamjagusa udongo, zungumza na mwalimu mkuu mpange zamu za watoto wanaokaa karibu, na mjue kama kisima cha shule kitabaki wazi au kitafungwa. Wakikwambia kitafungwa, pandeni eneo dogo tu, lile ambalo madumu yataweza kulifikia.

Niandikie wamekujibu nini kuhusu hicho kisima. Msalimie bibi, na umkumbushe dawa yake ya presha.

Mama yako