Ganda la tatu halijai kwa elektroni 8

Mhariri, naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua. Kwenye safu yenu ya wanafunzi mmeandika kwamba ganda la kwanza la atomu, yaani tabaka la elektroni linalozunguka kiini, linabeba elektroni 2, la pili 8, la tatu 8, na likishajaa hilo la tatu ndo elektroni zinahamia la nne. Hapo kwenye la tatu mmekosea, na sio nyie peke yenu maana hata mimi nilikaririshwa hivyo hivyo.

Juzi nimemkuta mdogo wangu kachora atomu ya zinki, duara tano safi kabisa kwa bikari, chini yake kaandika 2.8.8.8.4, yaani idadi ya elektroni kwa kila ganda kuanzia la ndani. Zinki ina maganda manne tu! Lakini ukimfuatilia hajakosea hesabu, kafuata kanuni ya nane nane aliyopewa na jumla yake inafika 30, idadi ya elektroni za zinki, vizuri tu. Iliniuma kwakweli.

Ganda la tatu linabeba elektroni 18. Chukua namba ya ganda, izidishe kwa yenyewe halafu mara mbili, unapata 2, 8, 18, 32. Sasa mtoto makini atauliza, kama nafasi zipo 18 mbona potasiamu yenye elektroni 19 ni 2.8.8.1 na sio 2.8.9? Swali zuri sana hilo na jibu lake ndo utamu wenyewe wa mada hii. Ganda sio chumba kimoja, ndani yake kuna ngazi ndogo, s inachukua elektroni 2, p 6, d 10, na ganda la tatu linazo zote tatu. Elektroni zinajipanga pale ambapo nishati ya atomu nzima inakuwa ndogo kuliko kote, na kwenye potasiamu 4s (ngazi s ya ganda la nne) iko chini kinishati kuliko 3d (ngazi d ya ganda la tatu), kwasababu elektroni ya 4s japo muda mwingi iko mbali huwa inapenya mpaka karibu na kiini na kuvutwa vizuri na protoni, wakati ya 3d haipenyi hivyo, inabaki imekingwa na elektroni za ndani. Basi ya 19 inaenda 4s, kalsiamu inaongeza ya pili hapo hapo, halafu skandiamu, namba 21, inarudi nyuma kuanza kujaza 3d. Ukifika zinki 3d imejaa na jibu ni 2.8.18.2, hiyo 18 hapo katikati.

Njiani kuna wakorofi wawili, kromiamu 2.8.13.1 na shaba 2.8.18.1, ambazo kila moja inabakiza elektroni moja tu kwenye 4s na nyingine inaingia 3d. Na chuma, 2.8.14.2, kikipoteza elektroni mbili zinatoka zile za ganda la nne kwanza, sio za 3d zilizoingia mwishoni, hapa wengi wanateleza kwenye mitihani.

Sisemi mtoto wa kidato cha chini apewe yote haya kwa siku moja, hapana. Ninachoomba toleo lijalo mrekebishe, muongeze maneno machache tu kwamba 2.8.8 ni njia ya kuandika elementi 20 za kwanza, kuanzia ya 21 ganda la tatu linaendelea kujazwa mpaka 18. Na kama nafasi ipo, chapisheni mchoro wa zinki wenye duara nne.