YAH: PROGRAMU YENU KUSOMA SHILINGI 740,000 KUWA 740

Kwa Meneja, Huduma kwa Wateja,

Nauza udi na manukato Darajani, Unguja, na huu ni mwaka wangu wa pili na programu yenu. Hesabu naziandika mwenyewe kwenye faili la maandishi, nayo inasoma na kutoa ripoti. Niliipendea hilo: hata programu ikifa, daftari langu linabaki.

Ripoti ya mwezi uliopita inasema nimefanya biashara siku moja tu, mkesha wa Idi, shilingi 1,315,000. Siku nyingine zote ni vijisenti. Siku niliyouza 740,000 imesomwa 740, chini hata ya mifuko ya kufungia niliyonunua kwa 950!

Nilitafuta kosa siku tatu. Mizania ilikuwa sawasawa, kwa sababu kosa liliingia pande zote mbili: mauzo 740, taslimu 740. Hilo ndilo lililonitia hofu. Mwisho nikagundua kwamba penye mikato miwili programu inajua ni maelfu. Penye mkato mmoja inaufanya alama ya desimali. Haikuonya wala haikuuliza.

Najua inababaishwa na nini. Ankara zangu za Muscat huja zimeandikwa OMR 48.500, yaani riali 48 na baisa 500, maana riali moja ni baisa 1,000. Kwetu TZS 48,500 ni elfu arobaini na nane na mia tano. Sarafu zote mbili zimo kwenye faili moja, na hapo kubahatisha hakufai.

Kijana wenu wa simu alinishauri nifute mikato yote. Aje yeye ahesabu sifuri za 1315000 saa sita za usiku, duka limeshafungwa na macho yamechoka.

Ninachotaka ni kuitangaza mwenyewe, juu ya faili, alama ya desimali ya kila sarafu. Nisipoitangaza, kisha programu ikakuta alama moja na tarakimu tatu baada yake, ikatae kusoma na initajie namba ya mstari. Ripoti za shilingi nazo zichapwe na senti zake, 740,000.00, ingawa senti hakuna azitumiaye, ili mhasibu wangu asikisie.

Malipo ya mwaka ujao mnayadai tarehe 30. Nayazuia hadi nipate jibu lenu kwa maandishi.

Mteja wenu,
Duka la udi, Darajani