Asunder, na asili ya watu wa Msimbazi

Swahibu yangu Yona,

Salamu nyingi. Huku tu wazima, joto tu ndilo linatusumbua.

Uliniuliza juu ya lile neno asunder alilolisoma mchungaji kwenye harusi ya mdogo wako. Ni Mathayo 19:6, pale tunaposoma sisi “aliowaunganisha Mungu, mwanadamu asiwatenganishe.” Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inalo hapo hapo, yaani kila mmoja kando, kivyake. Siku hizi Waingereza hulisikia zaidi kanisani na kwenye mashairi.

Ni la kale hasa. Zaidi ya miaka 1,000 iliyopita walikuwa na sundor, maana yake mbali na wengine, na kitenzi sundrian, kutenga. Walisema pia on sundran, na maneno hayo mawili yakashikana mpaka yakawa asunder. Neno la kutengana limezaliwa kwa kushikana, ajabu hiyo! Wajerumani nao wana ndugu yake, sondern, ila kwao siku hizi ni “bali”.

Sasa kaa vizuri. Ukiunganisha sundor na land unapata Sunderland: ardhi iliyotengwa. Mtawa Beda alimaliza historia yake ya kanisa la Waingereza mwaka 731, kwa Kilatini. Ilipotafsiriwa kwa Kiingereza cha kale, ardhi ya monasteri alikozaliwa iliandikwa sundurlond. Mji wa Sunderland upo pande hizo hizo, kwenye mto Wear, na timu yake ya soka ilikuwa bingwa wa Uingereza mwaka 1936.

Umeshajua ninakoelekea. Mwaka huo huo, Dar es Salaam, baadhi ya wanachama wa klabu yetu ya Yanga walijitoa wakaunda timu yao. Wakaiita Queens, baadaye Eagles, kisha Sunderland, hadi 1971 ilipoitwa Simba, timu yenu ya Msimbazi. Yaani mlijimega kwetu, halafu katika majina yote ya duniani mkaokota la waliotengwa! Sidhani kama aliyelichagua alikuwa na habari za Beda, lakini amenipa silaha ya maisha.

Usinijibu kwa habari za makombe ya Afrika, nazijua. Ukichoka huko, geti la Yanga pale Jangwani liko wazi.

Msalimie shemeji na Mama. Picha za harusi bado nazingoja.

Mtani wako,
Beni