Kaka, simu haikufika Arusha

Kaka,

Nakuandikia hapa kwa sababu simu yangu hupokei. Wanafunzi wako wa Kiesperanto, ile lugha ya kubuniwa, wakisoma, na wasome.

Ulikuwa sahihi, hilo nakupa. Agosti 2024, Kongamano la Dunia la Kiesperanto limekuja Arusha, mara ya kwanza kufanyika Afrika. Tumesimama na vikombe vya chai, namsimulia yule mgeni mzee habari za Bibi. Nikasema, "Atinginte Aruŝon, la telefono sonoris", nikikusudia "Nilipofika Arusha, simu ililia." Ukanikata kauli, ukamgeukia mgeni: "Anasema simu ndiyo iliyofika Arusha!" Wakacheka. Mimi nikatazama chini, kwenye kikombe.

Kanuni naijua. Neno lenye -inte halibebi mtu. Mwenyewe ni yule yule wa kitenzi kikuu, na hapo kikuu kilikuwa cha simu. Ningesema "Kiam mi atingis Aruŝon", basi. Lakini Zamenhof, aliyeibuni lugha hii, alipotoa kitabu chake Warsaw mwaka 1887 hakutuwekea "nilipofika", neno moja ambalo mimi nimo, wakati umo, na safari imo. Nilikuwa nasimulia msiba, Kaka. Ulitaka nipange viambishi?

Na unajua ile simu ilisema nini. Nilikuwa stendi, nimekufuata wewe, maana Bibi alikuita mara tatu ukajibu, "Nitakuja nikipata nafasi." Nikipata! Wewe unayewakemea wanafunzi wanaochanganya "kiam vi venos" (utakapokuja) na "se vi venos" (ukija): vitenzi vyote viwili vina -os ya wakati ujao, ila wa kiam anangojwa, wa se huenda asije. Tulifika ameshazikwa. Ungekuja ulipoitwa, mimi ningekuwa nimemshika mkono.

Ila ni wewe uliyenichorea mstari mchangani, uani kwa Bibi: antaŭ ol (kabla) huku, dum (wakati) katikati, post kiam (baada) kule. Tukacheka kwamba sisi tunasema "kabla hujaja", tunakanusha, na wao hawakanushi. Bibi akauliza hiyo ni lugha ya wapi. Ukamwambia, ya kwetu wawili.

Basi sikia la mdogo wako: mtu akisimulia msiba, mwache amalize. Mbona wewe ulipokosea dua pale kaburini nilinyamaza? Nilisikia. Shangazi alisikia. Nikaitikia amina kwa sauti ili wengine wasisikie.

Shangazi anafanya hitma ya Bibi mwezi ujao, amenituma nikuulize. Jibu kwa Kiswahili, na usiniwekee -ki-.