Barua kwa Rafiki: Kutoka Kamanga hadi Kilima cha Kapripoint

Mwanza,
14 Juni.

Kwako mwalimu mwenzangu na dada yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka Kanda ya Ziwa. Sisi huku hatujambo, mvua za masika zimeshakatika, asubuhi kuna ubaridi wa kuvaa sweta, na mchana upepo wa Ziwa Victoria unavuma vizuri. Barua yako niliipokea juzi na nikaisoma mara mbili, kwanza kwa furaha ya kusikia kwamba mtakuja Agosti pamoja na watoto na mama, na mara ya pili kwa ajili ya lile swali ulilouliza mwishoni kabisa, kama vile unaona haya kuuliza: je, hapa Mwanza pana mahali ambapo mtu mwenye goti bovu na mama wa umri wa mama yetu wanaweza kwenda kuona miti, maji na ndege bila kukodi gari la kwenda mbugani na bila kukwea mlima? Mahali hapo papo. Mimi mwenyewe hupita kila Jumamosi asubuhi, na nimeona afadhali nikueleze njia nzima kabla hamjafika, ili uamue ukiwa unajua unakwenda wapi.

Tutaanzia Kamanga, pale kivuko kinapoondokea kuelekea upande wa Sengerema, kwa sababu kutoka katikati ya mji mtu anafika pale kwa miguu, na kwa sababu Jiwe la Bismarck, lile la ndani ya maji, liko jirani kabisa. Najua jiwe hilo umeliona kwenye picha na kalenda mpaka umelichoka. Hata hivyo nataka ulione asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, kabla jua halijatoka, maana huku kwetu magharibi jua huchelewa kidogo kuliko kwenu Dar es Salaam na mwezi Juni linachomoza ikikaribia saa moja. Wakati huo maji yana rangi ya bati, na ikiwa ni siku za giza la mwezi utaona kwa mbali taa za wavuvi wa dagaa zikizimwa moja baada ya nyingine wanapogeuza mitumbwi kurudi nchi kavu, kwa kuwa dagaa huvuliwa usiku kwa kuwavuta na mwanga, na mbalamwezi inapokuwa kali taa hazina nguvu. Kisha mwanga unaanza kushika kichwa cha jiwe, na hapo ndipo unapowatambua ndege wa majini waitwao mnandi waliolala juu yake, wakifungua mabawa na kuyaacha wazi yakauke. Chini, karibu na usawa wa maji, jiwe lina ukanda uliopauka. Watoto wako waonyeshe ukanda huo, uwaambie kwamba mwaka 2020 na tena mwaka 2024 ziwa lilijaa likapita mipaka yake ya kawaida, likaingia mpaka kwenye nyumba na bustani za watu kando ya fukwe.

Kutoka pale tunafuata barabara ya kuelekea Kapripoint, maji yakiwa upande wetu wa kulia. Sehemu hii ni tambarare, na goti lako halitakuwa na malalamiko. Miti ni mingi: miembe, mijohoro, mikuyu mikubwa yenye mizizi iliyokumbatia mawe, na mikrismasi ambayo Agosti mtaikuta haina maua bali maganda marefu meusi yanayochezacheza kwa upepo. Jambo ambalo watu wengi hawalijui ni kwamba kilima chenyewe kiko kati yetu na jua, kwa hiyo upande huu wa ziwa hubaki kivulini muda mrefu wakati mitaa ya mjini imeshaanza kuchoma. Ndiyo sababu ninashikilia twende asubuhi. Jioni pana uzuri wake pia, watu hufurika kutazama jua likizama, lakini kwa mama hakuna haja ya msongamano ule.

Tembea polepole sana hapo, dada. Jumamosi iliyopita nilisimama karibu na mawe matatu yaliyoingia majini, nikamtazama mdiria mweusi na mweupe akiwinda. Alikuwa amesimama hewani, kweli amesimama, mabawa yakipiga kwa kasi na kichwa kikiwa kimetulia kabisa kama kimefungwa kwa uzi usioonekana, mdomo ukielekea chini. Alijiachia mara mbili akakosa. Mara ya tatu alitoka na kisamaki chembamba, akaruka mpaka kwenye jiwe, akakipigapiga pale juu kabla ya kukimeza kwa kutanguliza kichwa. Yote hayo yalifanyika umbali usiozidi hatua kumi kutoka nilipokuwa, na vijana wawili waliokuwa wakikimbia mazoezi walinipita bila kuona chochote. Siwalaumu, kwa sababu hata mimi nilipita njia ile kwa miaka mingi nikiwa na haraka ya kazini.

Kuhusu watoto, nina ombi moja ambalo usilichukulie kuwa ni hofu ya mtu mzima: wasiingize miguu majini, hata kama wenyeji wanaoga karibu yao. Kwenye kingo zenye maji yaliyotulia na majani mengi huishi konokono wanaobeba vimelea vya kichocho, na vimelea hivyo hupenya ngozi nzima isiyo na jeraha. Waonyeshe badala yake magugu maji, yale mafungu ya kijani yenye maua ya zambarau yanayosukumwa na upepo kutoka ghuba hadi ghuba. Yanapendeza kwa macho, ila asili yake ni Amerika Kusini, na katika miaka ya 1990 yalilifunga ziwa hili kiasi kwamba mitumbwi ilikwama kwenye mialo wanakoshushia samaki, mpaka wakaletwa mbawakawa wadogo wanaokula mmea huo ndipo yalipopungua. Kuisha hayajaisha.

Nikifika hapo huwa nasononeka, na sitakuficha sababu yake. Pana kipande cha ufukwe ambacho mwaka juzi nilikuwa napita kwa miguu hadi kwenye maji, chini ya mkuyu mmoja mnene, na mwaka jana nilikuta uzio wa mabati kutoka barabarani hadi ziwani. Aliyeweka uzio simtaji, wala barua hii si mahali pa kugombana. Lakini wewe na mimi tulifundisha uraia, na tunajua kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Mita 60 hizo ndizo mahali ndege wanapotaga, ndizo zinazochuja tope lisiingie majini, na ndizo zinazompa mtu asiye na nyumba ya ufukweni nafasi ya kukaa akatazama ziwa lake. Kila ninapoona watu wengi wakitembea pale, wazee, wanafunzi, akina mama na watoto mgongoni, moyo wangu unatulia kidogo, kwa kuwa njia inayokanyagwa kila siku ni vigumu kuzibwa kimyakimya. Hiyo ni sababu mojawapo ya mimi kutaka mje.

Baada ya hapo barabara inaanza kupanda. Usiogope neno hilo. Mwinuko si mkali, na sisi tutaupanda kwa vituo: tutakwenda kidogo, tutakaa juu ya jiwe, tutakunywa maji, tutaendelea. Mama akichoka, bajaji inafika hadi karibu na juu na atatusubiri huko. Ila nitasikitika akipanda bajaji, kwa sababu utajiri wote wa njia hii uko hapa kati, kwenye miamba.

Utanisamehe nikirudi darasani kidogo. Mawe haya ni graniti iliyopoa ndani kabisa ya ardhi zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita, wakati ziwa lenyewe, pamoja na ukubwa wake wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, ni changa mno likilinganishwa na miamba hiyo. Watu huuliza nani aliyapanga mawe hivi, moja juu ya jingine, mengine yakiwa yameegemea mahali padogo kama kiganja. Hakuna aliyeyapanga. Mwamba ulipokuwa bado umefunikwa na udongo ulikuwa na nyufa za wima na za mlalo kama ukuta wa matofali, maji yakapenya katika nyufa hizo, na kwa kuwa pembe ya jiwe huliwa na maji kutoka pande mbili au tatu kwa pamoja, pembe zikaoza kwanza na kiini kikabaki cha mviringo. Baadaye mvua zikaondoa udongo, viini vikabaki vimekaa palepale vilipokuwa tangu mwanzo. Ukipitisha mkono utakuta mahali ambapo jiwe linabanduka ganda kwa ganda kama kitunguu, na ukigonga ganda lililoachana na jiwe linatoa sauti ya chungu kitupu. Mimi hugonga kila ninapopita.

Jua linapofika juu ya miamba, karibu saa mbili, wenyeji wake wanatoka. Kwanza ni pimbi. Wanakaa wamebanana kama mikate kwenye sinia, macho nusu yamefumba, na mmoja tu ndiye anayelinda. Alama nyeupe zinazotiririka ukutani mwa miamba si chokaa, ni mkojo wao wa miaka mingi uliokaukia pale. Watoto wako hawatakuamini ukiwaambia kwamba jamaa wa karibu wa mnyama huyu mdogo ni tembo, kwa hiyo waachie wabishane hadi chakula cha mchana. Baada ya pimbi anatoka mjusi wa miambani, na huyu ndiye ninayetaka umwone hata kama hutaona kingine chochote. Dume ana kichwa, shingo na mabega ya rangi nyekundu inayoelekea waridi, na kuanzia kiunoni hadi mkiani ni buluu iliyokolea. Husimama juu ya jiwe la juu kuliko yote, akanyanyua kifua na kukishusha, akanyanyua tena, kuwaonya madume wengine kwamba pale pana mwenyewe. Ukimkuta alfajiri kabla hajapata joto ni wa kahawia iliyofifia, mtu unaweza kumdharau. Dakika ishirini za jua zinatosha kumrudishia rangi zake mbele ya macho yako. Jina lake la kisayansi alilopewa mwaka 1923 ni Agama mwanzae, na jina hilo limetokana na mji huu. Anapatikana pia kwingineko, hata Kenya na Rwanda, lakini mimi huona fahari kwamba jina amelichukua kwetu.

Juzijuzi nilikuwa nimeinama nikimtazama mmoja wao, akapita mzee wa Kisukuma na mkongojo wake, akanisalimu, "Wangaluka," nami nikamwitikia. Alisimama nami kama dakika tano bila kuuliza natazama nini. Tulitazama pamoja, kisha akaenda zake.

Juu kabisa tutakaa. Upande wa magharibi utaona ghuba yote ya Mwanza na kivuko kikikata maji kwenda Kamanga ya ng'ambo, nyuma yako utaona vilima vya mji na hospitali ya Bugando juu ya kilima chake, na chini yako kisiwa cha Saanane, ambacho mwaka 1964 kilianza kuwa bustani ya wanyama na mwaka 2013 kikawa hifadhi ya taifa. Huko tutakwenda siku nyingine kwa boti, ni mwendo mfupi tu, na watoto wataona swala pala na pundamilia. Vitabu vinasema Mwingereza Speke alilitazama ziwa hili kutoka vilima vya huku mwaka 1858 na akalipa jina la malkia wake. Wakati huo mababu wa yule mzee mwenye mkongojo walikuwa wakivua humu na walikuwa na jina lao, Nyanza. Upande wa kaskazini mama atataka kunyamaza kidogo, nami nitanyamaza naye, kwa ajili ya wale abiria wa meli ya MV Bukoba waliozama asubuhi ya Mei 21, 1996, wakiwa wamekaribia kabisa kufika nyumbani.

Kushuka tutapita njia ileile, taratibu zaidi kuliko kupanda, kwa sababu goti huumia kwenye mteremko. Kwenda na kurudi pamoja na vituo vyote hunichukua muda wa saa mbili na nusu hadi tatu. Vaa viatu vya soli ya mpira isiyoteleza, leta kofia kwa ajili ya kurudi, na maji tubebe kwenye chupa za kujazwa tena, maana chupa za plastiki zilizotupwa ndizo kitu pekee cha aibu utakachokiona njiani, na mimi huenda na mfuko wa kuziokota. Kifungua kinywa tutakula tukishashuka: chai ya tangawizi na mihogo ya kuchemsha. Sato tutamweka kwa ajili ya jioni, nyumbani, wa mchuzi wa nazi kama mama anavyopenda, na nazi naomba mje nazo kutoka huko.

Nijulishe mapema tarehe ya safari ili niombe ruhusa ya siku hizo, na uniambie kama goti linauma zaidi asubuhi au jioni, nipate kujua tuweke vituo vingapi. Msalimie shemeji, wabusu watoto, na mama mwambie mwanawe wa Mwanza anamsubiri.

Ni mimi dada yako,
Mwalimu mwenzako wa Mwanza.