Ile sauti ya kapteni niliitengeneza mimi, tena chumbani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wenu wa barua. Wiki iliyopita msomaji wenu mmoja wa hapa Mwanza aliandika kwamba ile klipu ya kapteni anayeomba msaada ziwani haiwezi kuwa ya kuigiza, eti ukisikiliza tu unajua ni redio ya upepo kabisa, zile za kubonyeza kitufe ndo uongee. Sasa kaka, ile sauti niliitengeneza mimi, nimeirekodi kwa simu tumejifunika blanketi chumbani kwangu, na huyo kapteni ni fundi baiskeli wa mtaani kwetu, hata kuogelea hajui.

Kilikuwa kipande cha mchezo wa vijana wa kanisani, dakika moja na nusu tu, mtu mmoja kwenye grupu la mazoezi akamrushia mwenzake bila maelezo yoyote basi ikaondoka. Jioni ile shangazi yangu wa Nansio, kule kisiwani Ukerewe, ananipigia analia, "baba uko wapi, hujapanda boti we?" Huku ziwani habari hiyo haina utani jamani, kuna waliozika 1996 kwa MV Bukoba na wengine 2018 kwa MV Nyerere, ukitaja tu chombo kuzama watu wanatafuta pa kukaa.

Ngoja niseme ilivyofanyika maana wengi wanadhani ni mikwaruzo tu, ukimwaga shaaa nyingi umemaliza. Wala. Kinachofanya sauti iwe ya redio ni kukata besi na kukata ile kali ya juu, unabaki na katikati, kama kuanzia hezi 300 mpaka 3,000 na kitu, kifua cha mtu kinapotea inabaki pua. Audacity, programu ya bure kabisa, inayo hiyo mikato imeshapangwa tayari, ya simu na ya redio za mkononi, unachagua tu. Halafu unaibana ili mnong'ono na makelele vilingane, unaipandisha mpaka inaanza kupasuka kidogo. Mikwaruzo inakuja baadaye na nayo lazima ipite kwenye chujio hilohilo, ukiiweka nje inasikika kama mvua ya kwenye bati na mtu anaongea ndani ya nyumba. Injini nilirekodi pale mashine ya kusaga, nikailaza chini ya sauti kabla sijachuja.

Ila nadhani kilichowapata watu ni kitu kidogo sana, silabi ya kwanza. Mtu mwenye haraka anabonyeza kitufe na kuongea hapohapo, redio haijafunguka vizuri, neno linaliwa kichwa. Fundi alisema "Mwanza, Mwanza", nikanyofoa mwanzo kidogo tu ikatoka "...anza, Mwanza". Shangazi anasema hiyo "anza" ndo ilimtoa jasho.

Na makosa yamo, tena ya wazi. Ile "kshh" ya kuachia kitufe ni moja tu, nimeikopi nikaibandika mara 7, zote mapacha, na redio ya kweli haijirudii hivyo. Halafu kapteni na mtu wa bandarini wanakatizana maneno kama watu wa sokoni, wakati kwenye redio hizo ukishabonyeza wewe humsikii mwenzio, na anayesikiliza pembeni humsikia zaidi yule mwenye mawimbi ya nguvu. Hakuna aliyeona, hata huyo msomaji wenu mwenye sikio la redio.

Kwa hiyo Mhariri, mkiletewa klipu kama hizi msiangalie kama zinasikika kweli, kusikika ni kazi ya jioni moja na kikombe cha chai. Ulizeni nani alirekodi, alikuwa na redio gani, saa ngapi, boti inaitwaje. Boti yangu mimi haina jina, niliogopa kutaja chombo cha mtu, na klipu ilivyozunguka yote ile sikusikia hata mmoja akiuliza jina.

Kosa langu nalikubali, na jirani aliponikumbusha ile Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 usingizi ulikata siku mbili. Sasa hivi nimemwingiza fundi anasema "huu ni mchezo wa kuigiza" mwanzoni na tena katikati, humohumo ndani ya sauti, maana mwanzo watu wanaukata. Mwalimu wa mchezo amenuna, anadai nimemharibia pale panapotisha, tumebishana mpaka mlinzi akataka kufunga geti, nimegoma kuitoa. Tunacheza Jumapili ijayo. Shangazi kasema haji.

Fundi sauti,
Mwanza